Hadubini ya shaba ya kuangalizia mawe: angalia giza kwanza, mng'ao baadaye

Kosa langu la kwanza kwenye hii mashine lilikuwa la usafi. Nimeipata mnadani, kamji kadogo tu nje ya Sheffield huku Uingereza, imo kwenye sanduku lake la mbao, imechorwa J. Swift & Son, London, nikafika nayo nyumbani asubuhi nimetoka zamu ya usiku hata viatu sijavua nikaiweka mezani, nikachungulia kwenye lenzi ya jicho nikaona nyuzi mbili za buibui zimekatiza. Nikasema aah, miaka mia na ushee stoo, buibui wasiingie wana nini. Nikafungua ile lenzi, nikachukua kijiti cha pamba cha masikio, nikafuta vizuuuri. Kumbe ndo zenyewe! Zile nyuzi mbili ndo msalaba wa kupimia pembe, na mafundi wa zamani kweli kabisa walikuwa wanautega kwa uzi wa buibui kwa sababu ni mwembamba na unakaza. Kazi ya fundi wa enzi za Malkia Victoria nimeimaliza kwa kijiti cha masikio, sekunde tano.

Kwa hiyo naandika hapa hatua kwa hatua nilivyojifunza, mengine kwa kuharibu, ili wewe ukikutana na moja mnadani au umerithi au umeikuta kwenye kabati la maabara ya shule ya zamani, usianze na kitambaa.

Kwanza ujue umeshika nini

Hadubini ya kawaida ya shule inaangalia kitu chembamba kwa mwanga wa kawaida, basi. Hii ya mawe ina vitu vya ziada na kama havipo basi hiyo siyo ya mawe hata kama muuzaji anaapa. Chini ya meza kuna kitu kinaitwa polaraiza, juu (ndani ya bomba au juu kabisa ya lenzi ya jicho) kuna analaiza, na zote mbili za zamani ni prizimu, siyo plastiki. Meza ni ya duara na imechorwa digrii mpaka 360, au kama meza haina digrii basi zipo juu kwenye lenzi ya jicho. Kuna msalaba ndani ya lenzi ya jicho (kama hajaufuta mtu). Juu ya lenzi ya chini mara nyingi kuna kitundu cha mshazari, digrii 45, cha kupitishia vibao vya jasi au maika au kabari ya kwatsi (vipande vya madini vya kubadilishia rangi).

Hizo prizimu ndo roho ya mashine. Zinaitwa prizimu za Nicol, ya William Nicol wa Edinburgh, alizitengeneza 1828: unachukua kalsaiti safi kabisa, ile ya Iceland inayokuonyesha maandishi mawili mawili ukiiweka juu ya gazeti, unaikata mshazari, unaigundisha tena kwa balsamu ya Kanada ambayo ni utomvu wa mti. Mwanga ukiingia unagawanyika njia mbili, njia moja inagonga ile gundi inarudishwa pembeni, nyingine inapita. Mwanga uliopita unatikisika upande mmoja tu. Sasa ukiweka prizimu ya pili juu ukaigeuza robo duara, hakipiti kitu. Giza. Na jiwe lililosagwa jembamba ukiliweka katikati ya hizo mbili ndo linaanza kuwaka marangi.

Huyu Henry Clifton Sorby aliyewafungua wanajiolojia macho kuhusu kusaga miamba mpaka mwanga upite, andiko lake lenyewe lilitoka 1858, alikuwa mtu wa Sheffield hapahapa. Ndo maana nafikiri masanduku haya bado yanaokotwa huku kwenye minada midogo, ingawa hilo ni wazo langu tu.

Halafu kuna kitu kimoja kuhusu hii ya Swift ambacho kitakusaidia usivunje meno ya gia. Mwaka 1889 jamaa anaitwa Allan Dick alieleza muundo ambao meza haizunguki, zinazozunguka ni prizimu zote mbili kwa pamoja pamoja na msalaba, zimeunganishwa kwa gia na fimbo ndefu ya wima pembeni, na Swift ndo walioitengeneza. Ukiikuta ya namna hiyo meza itakataa kugeuka na wewe utadhani imeganda. Haijaganda! Acha kuilazimisha, tafuta gurudumu la meno karibu na lenzi ya jicho, zungusha hapo. Mi nilishaanza kutafuta mafuta ya kulegezea nati, nikasimama tu kwa sababu niliona fimbo ile pembeni nikajiuliza hii kazi yake nini.

Jihadhari na feki pia. Kuna hadubini nyingi za shaba za mapambo zinatengenezwa mpya zikachorwa jina la London na mwaka wa zamani, ni za kuweka juu ya meza ya wageni. Dalili: skurubu zote mpya za aina moja, shaba inang'aa sawasawa kila kona mpaka chini ya kwato (mguu wa mashine), lenzi ukichungulia ni ukungu, hakuna mahali pa prizimu. Kipimo kingine, lenzi za chini za Waingereza tangu 1858 zilianza kufuata uzi mmoja wa skurubu, upana wa inchi 0.8, kwa hiyo ukichukua lenzi ya hadubini ya shule ya siku hizi yenye uzi huo inaingia kwenye mashine ya mwaka 1890 kama imezaliwa nayo. Ya mapambo kwa kawaida haiingii.

Kipimo cha giza, fanya kabla hujatoa hela

Hapa ndo mahali pa kukaa muda mrefu, mengine yote yanarekebishika. Watu mnadani wanaangalia shaba, wanapitisha kidole, wanasema inang'aa. Mi naangalia giza.

Ondoa slaidi yoyote mezani. Elekeza kioo cha chini kwenye dirisha lenye mwanga wa mawingu, au taa, USIELEKEZE kwenye jua lenyewe, jicho moja ni jicho moja. Chungulia, pata duara jeupe la mwanga. Sasa ingiza analaiza, kisha geuza polaraiza polepole. Duara linatakiwa lififie, lififie, mpaka liwe jeusi. Si kijivu, si bluu ya jioni, jeusi kama umeziba kwa kiganja. Ukiendelea kugeuza linarudi mwanga, robo duara mwanga kamili, robo nyingine jeusi tena.

Kama ni ya Dick basi ukishapata giza, zungusha gia prizimu zote kwa pamoja mduara mzima. Giza lisibadilike mwanzo mpaka mwisho. Likipauka katikati ya safari kisha likarudi, gia imeruka jino au imelegea, siyo mwisho wa dunia lakini bei ishuke.

Giza lisipokuja, usikate tamaa wala usinunue bado, tafuta mkosaji. Fungua lenzi ya chini uiweke mfukoni, jaribu tena bila lenzi. Giza limekuja? Basi lenzi ndo yenye mkazo, kioo chake kimebanwa na kifungio chake na kioo kilichobanwa kinavuruga mwanga, unatafuta lenzi nyingine. Bado hakuna giza? Basi ni prizimu. Chomoa analaiza na kifungio chake, angalia kioo cheupe cha laptop kupitia humo. Skrini za kawaida za laptop, zile za LCD, mwanga wake tayari umeshachujwa upande mmoja, kwa hiyo ukigeuza prizimu nzima mbele yake inazima mara mbili kwa kila mzunguko. Fanya na polaraiza vilevile. Inayozima vizuri ni nzima, isiyozima ndo mgonjwa. Mi mnadani nilitumia skrini ya bei ya yule dada wa kaunta, alinishangaa lakini aliniruhusu.

Ugonjwa wenyewe unauona kwa jicho: balsamu imeachia, ndani kunaonekana rangi za upinde wa mvua au michoro kama majani ya mti, au imekuwa ya kahawia kama chai. Au kifungio kipo na prizimu haipo, hilo linatokea sana, mtu alishaitoa siku nyingi. Kwenye hali hiyo watu wanakata filamu ya polaroidi (plastiki inayochuja mwanga kama prizimu) wanaweka mahali pake na mashine inafanya kazi bila shida, mi sioni aibu yake, ila ukija kuiuza mwambie mnunuzi.

Kusafisha, yaani kutokusafisha

Piga picha kila upande kabla hujagusa skurubu. Kila upande, na karibu. Skurubu za mashine hizi hazilingani na za dukani, nyingine zilikatwa kwa tundu lake moja tu, ukichanganya mbili zinazofanana utajua usiku wa saa sita.

Ile rangi ya dhahabu unayoiona juu siyo shaba yenyewe, ni vanishi ya sheleki iliyopakwa juu ya shaba ya njano (wale jamaa wa skrepa wanaiita brasi). Sheleki inayeyuka kwa spiriti. Ukifuta kwa spiriti au kwa sanitaiza au pafyumu, inaondoka, na ukisugua kwa dawa ya kung'arisha shaba inaondoka pia na unachobaki nacho ni chuma cha njano kinachong'aa wiki mbili halafu kinaweka madoa ya vidole milele. Ile mipaka ya mistari ya digrii na maandishi ya fundi nayo inalika. Mwenye kujua akiona imesuguliwa anatoa bei ya skrepa.

Kwa hiyo:

Vumbi liondoe kwa brashi ya mekapu, mpya, isiyowahi kuguswa na poda, na kwa kale kampira ka kusafishia pua ya mtoto, unakaminya kanapuliza. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka hata kama unajiona mstaarabu.

Shaba yenye vanishi ifute kwa kitambaa laini kilicholowana kidogo tu na maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu kikavu papohapo. Ikitoka na weusi kidogo inatosha. Makovu mengine yaache, ni umri wake.

Grisi ya kwenye reli ya meno ya kupandishia bomba huwa imeganda, ngumu kama nta, na pembeni ina kutu ya kijani. Hapo ndo nobu kubwa inakataa na watu wanakaza mkono wanavunja jino. Usikaze. Chovya kijiti cha meno kwenye mafuta ya taa, gusa gusa kwenye meno, acha saa moja, rudia, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mafuta ya taa hayaidhuru sheleki kama spiriti inavyofanya, ila yakiifikia balsamu yanailainisha, ndo maana prizimu na lenzi zote unazitoa kwanza unaziweka chumba kingine kabisa, siyo ukingo wa meza. Ikishalegea paka grisi laini mpya kiasi cha punje ya mchele. Yale mafuta ya kopo ya kupuliza usiyalete karibu, yanasambaa mpaka kwenye kioo.

Lenzi: puliza vumbi, hemea mvuke, futa kwa karatasi ya lenzi au kitambaa cha miwani kilichofuliwa, mzunguko mmoja mwepesi. Ikikataa maji ya betri kidogo, yaani yale maji safi yaliyochujwa siyo asidi tafadhali. Vioo vya ndani vimegundishwa kwa balsamu hiyohiyo, kwa hiyo usiloweke kitu.

Prizimu: hapana. Yaani usiguse. Kalsaiti kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu ni 3, kucha yako ni kama 2 na nusu, vumbi la kawaida lina chembe za kwatsi zenye 7. Ukifuta kwa kitambaa unaisasa. Kampira ka pua, basi. Na isikaribie siki wala limau, kalsaiti ikiona asidi inatoa povu, na usiiweke juu ya hita wala karibu na dirisha la jua kali.

Na ule msalaba wangu? Kuna njia mbili. Fundi wa zamani angekunja waya kama herufi U, angezungushia uzi wa buibui uliotoka kwake fresh, angeulaza kwenye vijitundu vilivyochongwa kwenye pete iliyo katikati ya lenzi mbili za jicho, na kuudondoshea tone la sheleki kila mwisho. Nilijaribu mara nne. Mara ya nne nilifanikiwa uzi mmoja, wa pili ukaondoka na pumzi yangu. Nikaagiza kidude cha kioo cha duara chenye msalaba uliochorwa, nikakikalisha juu ya ile pete. Kinafanya kazi. Uzi wangu mmoja nilioufanikisha bado upo chini yake na kila nikichungulia naona mistari mitatu.

Mwanga na kuweka sawa

Zamani ilikuwa dirisha au taa ya mafuta. Mi natumia taa ya LED ya mezani, mbele yake nimebandika karatasi ya kuokea keki ili mwanga utawanyike. Kioo cha chini kina nyuso mbili, bapa na bonde: kama kuna lenzi za kukusanya mwanga chini ya meza tumia bapa, kama hakuna tumia bonde.

Kufokasi kuna kanuni moja na ukiikiuka utasikia "krak" na slaidi ya mwaka 1900 ndo hiyo imekwenda. Shusha bomba huku unaangalia kwa PEMBENI, siyo kupitia lenzi, mpaka ikaribie slaidi. Halafu chungulia, na kuanzia hapo unapandisha tu. Lenzi za zamani zimeandikwa kwa inchi, ya inchi 1 inakuza kama mara 10 kwenye bomba refu la Kiingereza la inchi 10, ya robo inchi kama mara 40. Anza na ya inchi 1, hata 2. Mawe huangalii kwa mkuzo mkubwa, unataka kuona majirani.

Kama meza yako inazunguka, lazima katikati ya meza na katikati ya lenzi zikutane, la sivyo chembe unayoiangalia inatoka nje ya duara kila ukigeuza. Weka kijichembe cha vumbi penye msalaba, geuza meza nusu duara. Kimehamia mbali? Kwa skurubu mbili ndogo za pembeni (kwenye lenzi au kwenye meza inategemea) kirudishe NUSU ya safari tu, nusu iliyobaki isogeze kwa kusukuma slaidi. Rudia mara tatu nne. Inachosha, na huu usumbufu ndo alioukwepa Dick: jiwe limekaa, dunia inazunguka.

Kisha hakikisha msalaba umelala sambamba na polaraiza. Tafuta slaidi yenye bayotaiti, ile maika ya kahawia, ambayo ina mistari ya kupasukia kama kurasa za daftari. Toa analaiza, tumia polaraiza peke yake, geuza. Rangi ya bayotaiti inatoka njano ya nyasi kavu inakwenda kahawia nzito karibu nyeusi. Pale inapokuwa nzito kabisa, ile mistari ya kurasa ndo uelekeo wa polaraiza. Mstari mmoja wa msalaba ukae hapo.

Slaidi utapata wapi

Nunua za zamani, masanduku ya wanafunzi yanauzwa, au tengeneza. Kutengeneza kwa ufupi: kata kijipande cha mwamba, sawazisha upande mmoja kwenye kioo cha dirisha kwa unga wa kaborandamu (unga mgumu wa kusagia) na maji, kutoka wa chembe kubwa kwenda laini, gundisha upande huo kwenye kioo cha slaidi, halafu saga upande wa pili mpaka unene ubaki milimita 0.03. Karatasi ya printa ni kama milimita 0.1, sasa hii ni theluthi yake. Hupimi kwa rula, unapimia kwatsi: chini ya prizimu zilizokatizana (yaani zilizowekwa kwenye giza), chembe za kwatsi zikiwa njano au nyekundu bado nene, endelea, zikiwa nyeupe na kijivu simama. Simama hapohapo! Kijivu chenyewe kikianza kuzama kwenye weusi jiwe lako limeenda na maji.

Huku mi nilianza na graniti ya Shap, kule Cumbria, ina feldspa za waridi kubwa kama kucha ya dole gumba, umri wake karibu miaka milioni 400. Kwa mtu wa Mwanza hana haja ya kununua graniti, umekalia.

Ila kuna jiwe moja la nyumbani linataka adabu yake. Lava ya Ol Doinyo Lengai. Ile inatoka nyeusi na baada ya siku chache inakuwa nyeupe kwa sababu imejaa kaboneti za sodiamu, na madini yake makubwa mawili ni nyerereaiti, limepewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriaiti, la yule J. W. Gregory aliyefika Bonde la Ufa 1893. Yanayeyuka kwenye maji! Ukisaga kwa maji kama mwamba mwingine utabaki na kioo kitupu na tope. Unasaga kwa mafuta ya taa, unaosha kwa mafuta ya taa, na slaidi unaifunika mapema kabla unyevu wa hewa haujaigusa.

Sasa angalia

Mpangilio wangu huwa ni uleule na naushauri kwa sababu ukianza na marangi utasahau mengine yote, marangi yanalevya.

Bila analaiza kwanza. Rangi yake halisi ni ipi, ina mistari ya kupasuka au haina, mipaka yake imesimama juu kama imechorwa kwa kalamu au imefifia? Graniti ndo ya kujifunzia. Kwatsi ni safi kama maji ya mvua, haina mistari. Feldspa ni ya ukungu ukungu, imeoza kidogo. Bayotaiti ndo ile inayobadilika rangi ukigeuza, na ndani yake ukibahatika utaona madoa meusi ya duara yanazunguka kipunje kidogo mno: hicho ni zikoni, ina chembechembe za urani, imekuwa ikiichoma maika taratibu kwa mamilioni ya miaka. Nilikaa na doa moja dakika ishirini chai ikapoa.

Pale mipaka inapokutana fanya jaribio la Becke. Punguza mwanga, pandisha bomba kidogo sana kutoka kwenye fokasi, mstari mwembamba wa mwanga utahama. Unaingia kwenye upande unaopinda mwanga zaidi. Kwatsi dhidi ya balsamu ya ukingoni unahama kidogo tu kuelekea kwatsi, ganeti dhidi ya kwatsi au feldspa unakimbilia ganeti.

Halafu analaiza ndani. Hapo ndo graniti ya kijivu inageuka kitenge. Sasa zungusha na uhesabu mara ngapi chembe inazima. Kwa mzunguko mzima zinazima mara nne, na pembe kati ya kuzima na mistari ya kupasuka unaisoma kwenye digrii, ndo kazi ya ule msalaba. Plajioklesi (aina ya feldspa) inakuja na mistari myeupe na myeusi kama pundamilia, ukizungusha myeupe inakuwa myeusi na myeusi myeupe. Maikroklaini (feldspa nyingine) ina miraba kama shuka la Kimasai ila ya kijivu. Olivini kwenye basalti inawaka bluu, pinki, kijani kama taa za harusi. Kalsaiti inakuwa ya maziwa yenye lulu, na bila analaiza ukiizungusha inaonekana kama inakonyeza, mipaka inatokea na kupotea.

Kulinganisha rangi na aina ya madini kuna chati ya Michel-Lévy ya mwaka 1888, mpaka leo ndo hiyohiyo, prindi yenye rangi nzuri siyo fotokopi. Kibao cha jasi kama kipo kwenye sanduku lako unakipitisha kwenye kile kitundu cha mshazari, kinaongeza rangi moja nzima na kijivu kinakuwa bluu au njano kutegemea chembe imelala vipi.

Na siku moja utaweka slaidi, utapata chembe nyeusi, utazungusha, nyeusi, utazungusha mduara mzima, bado nyeusi, utaanza kuilaumu mashine au mwandishi wa mwongozo huu. Toa analaiza. Kama ni tundu kwenye slaidi utaona kioo kitupu. Kama ni madini ya chuma utaona bado nyeusi. Kama ni chembe ya waridi hafifu au ya kijani, mviringo mviringo, mipaka imesimama juu, hiyo ni ganeti, mwanga kwake unapita sawa pande zote ndo maana haiwaki. Tsavoraiti, kile kito cha kijani cha Taita na cha Umasaini, ni ganeti pia, itakufanyia hivyohivyo.

Kuihifadhi

Inua kwa kushika mkono wake wa chuma ulio nyuma, wala usishike bomba, na mkono mwingine uwe chini ya kwato. Bomba lishushwe kabla ya kuirudisha sandukuni, lenzi zimetolewa ziwe kwenye vikopo vyake. Kama uko Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar sanduku la mbao lililofungwa linafuga kuvu, na kuvu anakula kioo, anaacha mizizi yake juu ya lenzi haifutiki, kwa hiyo tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vingi siyo kimoja, ubadilishe kila baada ya miezi michache, na hadubini itolewe ipate hewa wakati wa kiangazi. Huku kwangu shida ni kinyume chake, hita inakausha mbao inapasuka, sanduku langu lina ufa mrefu kwenye mlango na bado sijapata fundi wa kulitazama.